Sare za Jumamosi ya Mwisho

Groningen, Uholanzi
14 Septemba 1995

Mjomba Jairus,

Mulembe, salamu kutoka kwa watu wa baiskeli. Mimi ni mzima, ila baridi imeshaanza kuninyemelea na bado ni Septemba, sasa Januari itakuwaje sijui. Msalimie Anti Pascalia, mwambie soksi alizonifumia ndizo ninazolala nazo.

Nina shida, na tafadhali usianze kucheka kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Unaikumbuka ile programu ya sataranji ninayoitengeneza hapa chuoni, ile niliyoipa jina Ingwe? Chui wetu amekua. Hapa hakuna mwanafunzi anayemweza. Mwezi wa Aprili kuna mashindano ya watu na mashine, na Ingwe ameandikishwa. Atacheza michezo sita: miwili na wachezaji wazuri wa kawaida, minne na magwiji, yaani wale wenye cheo cha juu kabisa duniani katika mchezo huu.

Profesa aliniita ofisini akaniambia bila kuzunguka. Ingwe akipata pointi tatu kati ya sita, naendelea mpaka nipate shahada yangu. Asipozipata, mradi unafungwa na mimi narudi nyumbani. Kushinda ni pointi moja, sare ni nusu. Fikiria, Mjomba: miaka mitatu huku, halafu nishuke pale Malava na sanduku la nguo za baridi na mkono mtupu.

Tatizo la Ingwe ni ulafi. Akiona askari hana mlinzi, anakula. Wanafunzi wanamwogopa kwa hilo, lakini magwiji hawaogopi. Juzi gwiji mmoja mstaafu alikuja kumjaribu. Alimtupia askari wawili, Ingwe akala, huku mzee yule anajenga ua wa askari katikati ya ubao mpaka ukafunga kabisa. Ingwe akabaki kuzungukazunguka kama mtu aliyefika kwa watu akakuta wameenda sokoni. Anasogeza ngome huku, anasogeza ngome kule. Kufikia hatua ya arobaini alikuwa ananyongwa polepole, na kwenye skrini bado anaandika kwamba anashinda.

Kwa hiyo nataka kumbadilisha tabia. Nataka awe mvumilivu, ajue kungoja, ajue ua unajengwaje. Na mtu mvumilivu kwenye ubao namjua mmoja tu, aliyekuwa akinitoa machozi kwa kete za vizibo vya soda nikiwa darasa la nne. Nitumie yale madaftari yako. Nitampa Ingwe michezo yako yote asome. Kwa kila hatua uliyochagua atajipima kama yeye angechagua hiyo, na kama sivyo atajirekebisha kidogo, mpaka aanze kuuona ubao kama wewe.

Ni mimi mpwa wako,
Nekoye

*

Malava
5 Oktoba 1995

Nekoye,

Nimecheka kabla ya mwisho wa ukurasa. Nisamehe. Yaani mashine ya Wazungu inakula mpaka inavimbiwa, halafu dawa inatafutwa Malava?

Sisi huku tuko sawa. Mahindi yamevunwa, mvua inanyesha bila mpango, na Anti yako amefurahi habari ya soksi mpaka ameanza kufuma nyingine, rangi siwezi kukuambia. Tangu nistaafu ualimu watu wananiita nije nipime mashamba yao, kana kwamba mwalimu wa hesabu amezaliwa na kamba mkononi.

Sasa sikiliza. Huyo mnyama wako ana njaa, na mwenye njaa huongozwa na pua. Ua wa askari ukishasimama haubomolewi na njaa. Lazima utoe askari wako mwenyewe, umwache aliwe mchana kweupe, ili upate mlango wa kupitia. Tena ufanye hivyo mapema, mwenzako akiwa bado anachimba mashimo ya nguzo. Mfundishe hilo kwanza. Mlafi akijifunza kutoa, mwenzake atachanganyikiwa.

Kuhusu madaftari, nilisitasita. Nilikaa nayo mapajani siku mbili, Anti yako akaniuliza kama ni barua za msichana wa zamani. Ni madaftari sita, michezo mia mbili na kumi na mmoja niliyoiandika tangu mwaka wa 1982. Nimeyatuma kwa rejista leo hii. Utaona kila mchezo una tarehe yake, lakini majina ya niliocheza nao sikuandika, na usiniulize. Wengine ni walimu, wengine ni watu tu. Ubao haujui jina la mtu.

Usiyamwagie chai.

Mjomba wako,
Jairus Shitanda

*

Groningen
20 Novemba 1995

Mjomba wangu wa dhahabu,

Madaftari yamefika, hayana hata doa. Nimechapa michezo yote mia mbili na kumi na mmoja kwa vidole viwili, wiki tatu nzima. Tarehe sikuzichapa maana hazina kazi. Ingwe anataka hatua tu.

Na amebadilika! Mjomba, ungemwona! Jana alicheza na bingwa wa chuo. Kijana alimtupia askari kama ndoano, na Ingwe akamwacha tu hapo. Akapanga farasi wake, akasogeza mfalme pembeni, akangoja. Ile hatua ya kungoja ni yako kabisa, ile unayoicheza ukiwa unajifanya unatafuta miwani. Nilipiga kelele maktaba nzima ikanigeukia. Hata ule ushauri wako wa mlango ameushika: katikati ya mchezo alitoa askari wake mwenyewe bure, Profesa akadhani ni hitilafu. Haikuwa hitilafu. Alishinda.

Nimelala vizuri leo kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Nadhani tutafika.

Nekoye, anayekushukuru mpaka kwenye vidole viwili

*

Groningen
22 Januari 1996

Mjomba,

Naandika kwa haraka. Kuna kitu sikielewi, na ni wewe tu unayeweza kunieleza.

Tulifanya mashindano madogo ya kujipima. Michezo kumi. Ingwe alishinda mmoja, tisa akatoka sare. Si kwamba alizidiwa! Katika tisa hizo, saba alikuwa mbele. Katika mmoja alikuwa amebakiza hatua nne tu amfunge mfalme wa mwenzake. Badala yake akarudisha malkia nyuma, akampeleka mbele, akamrudisha nyuma, mpaka hatua zikajirudia mara tatu ikawa sare. Profesa alizima skrini mwenyewe akatoka. Afadhali angenigombeza.

Nimerudi kwenye michezo yako kutafuta chanzo. Mjomba, michezo mia moja na kumi na minane kati ya ile mia mbili na kumi na mmoja ni sare. Na katika mingi ya hiyo, wewe ulikuwa unashinda! Uko mbele, mambo yameiva, halafu unarudi nyuma kama mtu aliyesahau kofia. Nimekaa na huo ubao nikiutazama mpaka macho yanauma. Uliona nini? Kuna hatari gani pale ambayo mimi siioni? Maana nakujua, wewe huchezi ovyo. Niambie ulichoogopa ili nimfundishe Ingwe kukiona vizuri.

Zimebaki wiki kumi na moja.

Nekoye

*

Malava
8 Februari 1996

Mpwa wangu,

Barua yako imenikuta nikiwa na mafua, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Jua limewaka sana. Miwa ya jirani yetu Kipkemboi imekauka shambani ikingoja trekta. Anti yako amemaliza soksi.

Kuhusu zile sare, tahadhari ni jambo kubwa katika sataranji. Mtu anaweza kuwa mbele leo na kesho akajuta. Mchezo ni mrefu kuliko ubao. Mimi katika maisha yangu nimependa kulala na nusu mkononi kuliko kuamka bila kitu. Mwambie Ingwe ajihadhari zaidi, na atakapokuwa mbele aangalie pande zote.

Sina zaidi.

Jairus

*

Groningen
24 Februari 1996

Mjomba,

Nilifanya ulivyosema. Niliongeza tahadhari. Sasa Ingwe hashindi mtu yeyote. Juzi alikubali sare na programu ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, programu ambayo haijui hata kwamba mfalme na ngome wanaweza kubadilishana nafasi.

Nimelia, nakuambia ukweli. Mashindano yanaanza tarehe kumi Aprili, na nikienda hivi nitapata sare na walio chini yangu, na magwiji watanichinja. Nikiufuta ulafi wa zamani na uvumilivu wako vyote, sina kitu. Nikibaki navyo, sina kitu vilevile.

Barua yako ya mwisho haikuwa sauti yako. Mwalimu Jairus ninayemjua akiulizwa swali la hesabu huanza kuchora hewani kwa kidole. Haongei habari ya trekta. Kama kuna kosa nililofanya mimi, niambie. Kama kuna jambo lako, basi ni lako, lakini nisaidie nijue michezo gani niiamini na ipi nisiiamini. Nakuomba kama ninavyomwomba baba.

Nekoye

*

KWA FAKSI, kutoka Duka la Maina, Kakamega mjini
14 Machi 1996

Nekoye,

Barua yako ilifika jana. Leo asubuhi nimekuja Kakamega kwa sababu Maina ana mashine ya faksi na posta itanichelewesha. Msichana anayechapa hapa anaitwa Winrose. Nimempa karatasi yangu na nimemwomba asiisome. Amesema hawezi kuchapa bila kusoma. Basi ni hivyo.

Nilikudanganya. Hakuna hatari niliyoiona kwenye ule ubao. Sikuogopa chochote. Nilikuwa nacheza na mkwe wangu.

Baba yake Anti yako, Mzee Masinde wa Navakholo, unamjua. Alikuwa karani wa hospitali ya misheni na sataranji alifundishwa na daktari mmoja wa zamani. Tangu nimwoe Pascalia, kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi naendesha baiskeli mpaka Navakholo kumwamkia. Na wewe ni mtoto wa huku, unajua mkwe na mkwe wanaongea nini: mvua, afya, ng'ombe, kimya. Hata macho hamtazamani sana. Siku moja akaleta ubao. Nikashukuru Mungu, kwa sababu ukiwa na ubao katikati, kimya si vibaya.

Lakini ningefanyaje? Kumshinda mkwe ni kumvua kofia mbele ya watoto wake. Kujiachilia akushinde ni kumdanganya mtu mzima, na angejua. Kwa hiyo nikajifunza kutafuta sare. Nakuambia, ni kazi ngumu kuliko kushinda. Unafika mlangoni, halafu unarudi bila kugonga, na unafanya uso wa mtu aliyepotea njia. Mzee anasema, "Tumetoshana, Mwalimu." Kisha kuku anaingia, na firigisi nawekewa mimi mgeni, mwezi baada ya mwezi, miaka ishirini na mitatu. Navakholo yote inajua Mzee Masinde hajawahi kushindwa, na mimi ndiye niliyeilinda sifa hiyo. Hata Anti yako hajui. Ndiyo maana sikuandika majina.

Sasa fanya hivi. Tazama tarehe. Kila mchezo wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni wa Navakholo. Utakuta ni mia moja na kumi na minane. Hiyo ndiyo iliyomfundisha chui wako kuwaheshimu watu. Iliyobaki tisini na mitatu nilicheza na walimu wenzangu, na hao sikuwahurumia hata kidogo.

Nimeona aibu sana kuandika haya. Lakini ningeona aibu zaidi kukupokea Malava na sanduku lako kwa sababu ya adabu yangu.

Jairus Shitanda

*

Navakholo
30 Machi 1996

Kwa Mwalimu Jairus, mume wa binti yangu,

Nakuandikia kwa sababu mambo kama haya mkwe hamwambii mkwe wakiwa wamekaa pamoja. Leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho na hukuja. Najua kwa nini.

Yule Winrose anaimbanga kwaya hapa kanisani kwetu. Usimlaumu, alijaribu kunyamaza wiki moja nzima. Jumapili iliyopita nikatoka kanisani, nikakuta wazee wananiangalia, mmoja akasema, "Masinde, kumbe mwalimu amekuwa akikuonea huruma." Nilikasirika. Nilirudi nyumbani, nikakataa chai. Mama Pascalia akaniuliza nina nini, nikamwambia nina mkwe.

Halafu nikaanza kucheka peke yangu mpaka akadhani ni malaria.

Mwalimu, ulidhani mimi ni kipofu? Mwaka wa pili tu nilijua. Ulikuwa na farasi wawili karibu na mfalme wangu, mtoto mdogo angemaliza, na wewe ukarudisha malkia nyumbani. Nikasema moyoni, huyu kijana ana adabu. Na mwezi uliofuata mimi nilikuwa na ngome mbili kwa mfalme wako, na mimi nikarudi nyuma. Hukuona. Ulifuta jasho ukasema, "Nimeponea chupuchupu, Mzee." Tangu hapo nimekuachilianga mara nyingi kuliko vidole vyangu.

Utauliza kwa nini. Nilifikiria hivi: nikimpiga huyu kijana mara tatu mfululizo, mwezi wa nne baiskeli yake itapata pancha, na wa tano, na Pascalia atakujanga peke yake. Nina watoto wanne wa kiume na hakuna hata mmoja anayekaa nami kutwa nzima ya Jumamosi. Nilitaka uje. Ndiyo hiyo tu.

Sasa nina miaka themanini na moja, na wazee wa kanisa wanataka kujua nani ni nani. Tarehe 27 Aprili njoo. Hiyo siku hakuna mkwe kwenye ubao. Ukiniachilia nitajua, na utakula mboga.

Mzee Eliya Masinde

*

KWA FAKSI, Duka la Maina, Kakamega. Mpelekeeni Mwalimu Jairus Shitanda, Malava, tafadhali
19 Aprili 1996

Mjomba! Mjomba! Mjomba!

Pointi tatu! Michezo sita bila zaidi, pointi tatu bila pungufu! Mradi unaendelea, na mimi naendelea nao! Nimelala saa kumi na nne mfululizo, nimeamka nimekula mayai matano, sasa naandika.

Faksi yako iliponifikia nilikaa sakafuni nikacheka na kulia kwa pamoja. Kumbe tangu mwanzo nilikuwa nimemfundisha chui kuwa mkwe! Nilifungua madaftari na kalenda, nikatoa Jumamosi zote za mwisho. Mia moja na kumi na minane, kamili kama ulivyosema. Lakini sikuitupa. Nilikaa nikafikiri, nikaiweka kwenye chumba chake peke yake. Nikamwambia Ingwe: ukiwa mbele, chumba hiki usikifungue, hakuna mkwe hapa. Ukiwa nyuma, kifungue mbio, maana hakuna mtu duniani anayejua njia za sare kama Mwalimu wa Malava.

Siku ya kwanza alimshinda mchezaji wa kawaida. Siku ya pili gwiji alimpiga vibaya. Ya tatu, sare. Ya nne, gwiji mwingine alimpiga. Pointi moja na nusu, michezo miwili imebaki, yote ya magwiji. Profesa aliacha kuniletea kahawa.

Siku ya tano gwiji alianza kujenga ua, kama yule mzee wa mwaka jana. Askari mmoja, wa pili, wa tatu. Na Ingwe wangu mlafi akatoa askari wake katikati ya ubao, bure kabisa! Gwiji alitafakari dakika ishirini na tano. Alipomla, mlango ukafunguka na ngome zikapita. Sasa yuko mbele, Mjomba. Nilikuwa nangoja malkia arudi nyuma kutafuta kofia. Hakurudi. Alienda moja kwa moja mpaka gwiji akanyoosha mkono kukubali kushindwa.

Siku ya sita nilihitaji nusu tu. Saa tatu za mchezo, Ingwe yuko nyuma kwa askari wawili, mfalme wake amebaki uchi. Nilishaanza kupanga namna ya kukuambia. Halafu malkia wake akaanza: anamtisha mfalme wa gwiji kulia, anamtisha kushoto, anamtisha kulia tena. Mfalme hana pa kujificha. Mara tatu, sare. Niliijua ile njia. Ni ya daftari la nne, Agosti 1988. Gwiji alinyanyuka, akaniuliza mashine yangu imejifunza wapi kung'ang'ania namna hiyo. Nikamwambia Navakholo. Akaniomba nimwandikie jina.

Kuna jambo moja zaidi, na sijui kama nikuambie. Kabla ya mashindano nilimpa Ingwe zile sare za Navakholo azipime upya, moja moja, aseme nani alikuwa anashinda, na nani akarudi nyuma. Michezo tisa haikuwa na mtu mbele. Hamsini na miwili ulikuwa mbele wewe, ukamwachia. Hamsini na saba alikuwa mbele Mzee Masinde, na yeye ndiye aliyerudi nyuma. Nilirudia mara mbili, nikidhani nimekosea.

Amekuzidi kwa tano, Mjomba. Nisamehe, mimi nasoma tu namba.

Wako anayeringa Uholanzi yote,
Nekoye

*

Malava
28 Aprili 1996

Mpwa wangu, mwenye pointi tatu,

Faksi yako ililetwa na Winrose mwenyewe. Alishuka kwenye baiskeli anapiga vigelegele tangu barabarani, na Anti yako akamjibu kabla hajajua ni habari gani. Nilipomsomea "pointi tatu" aliketi chini kwenye nyasi, akafunika uso kwa leso. Mimi nilisimama tu nikisema "Asante Yesu, asante Yesu," mpaka Winrose akaniuliza kama ninajisikia vizuri. Ninajisikia vizuri sana. Tangu Januari nilikuwa nalala na jiwe tumboni, kwa sababu nilijua ni mimi ninayekurudisha nyumbani. Sasa limetoka.

Lakini umeniletea namba nyingine. Mzee alikuwa ameshaniandikia kwamba na yeye alikuwa ananiachilia. Niliposoma nilisema, mzee anajitetea, ni haki yake. Sikumwamini hata kidogo. Miaka ishirini na mitatu nimekuwa nikiendesha baiskeli kurudi Malava nikijisifu kimoyomoyo, nikisema: Jairus, wewe ni mtu mkubwa, unampa mzee heshima yake na hata hajui. Halafu mashine niliyoilea mimi mwenyewe inakuja kuniambia hamsini na saba kwa hamsini na mbili!

Jana nilienda Navakholo. Wazee sita wa kanisa walikuwa wameshapanga viti. Sikuwa nimewahi kumtazama Mzee Masinde machoni. Jana nilimtazama. Ana jicho moja lenye ukahawia zaidi kuliko jingine, nilikuwa sijui.

Akasema, "Bila mkwe, Mwalimu."

Nikasema, "Bila mkwe, Mzee."

Nekoye, nilicheza kwa nguvu zangu zote. Haki ya Mungu, sikumwachia hata askari mmoja. Nilijenga ua, akautoboa kwa kutoa askari wake mchana kweupe. Nikaenda kulia, akanifungia kulia. Ile hatua yangu ya kutafuta miwani, aliitazama akatabasamu, akacheza yake ya kutafuta ugoro. Hatua ya thelathini na nne mfalme wangu hakuwa na pa kwenda. Nilitafuta njia za sare, zile zote mia moja na kumi na nane, na kwa kila moja alikuwa amesimama mlangoni. Si kwake nilikojifunzia?

Nilimpa mkono. Wazee walilipuka kwa vicheko, mmoja akaangusha kiti. Na mimi nikacheka, nikashindwa kunyamaza, mpaka machozi yakanitoka. Sijui nikuelezeje. Nimechapwa mbele ya watu, na kifua kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyetua gunia la mahindi.

Kisha ingokho, yule kuku wa kila mwezi, akaingia na ugali wa obusuma. Nilinawa, nikakaa nikingoja firigisi yangu kama siku zote. Mzee aliichukua, akaigeuza, akaitia kinywani mwake mwenyewe. Akatafuna polepole huku ananitazama. Mimi akaniwekea shingo.

"Firigisi ni ya mgeni," akasema. "Mtoto wa nyumba hii anakulanga shingo."

Nimekula shingo, mpwa wangu. Tumepatana Jumamosi ya mwisho ya Mei, na nataka unitumie ile michezo hamsini na saba, nijue ananipitia wapi.

Mjomba wako,
Jairus